Kompyuta mbili za zamani, modemu moja: tatizo si waya

Mwalimu mstaafu wa Muheza ameniuliza hivi: "Fundi, nina kompyuta mbili za mezani za zamani. Ya sebuleni ina Windows 7, ndiyo ninayoichomeka modemu ya USB yenye laini. Ya chumbani ina Windows XP na RAM ya GB 1, wajukuu wanaitumia kwa masomo. Kijana mmoja wa hapa alituunganishia waya mmoja toka kompyuta hadi kompyuta. Taa za nyuma zinawaka pande zote mbili, lakini ile ya wajukuu inaandika 'Limited or no connectivity', na anwani yake inaanza na 169.254. Sasa ananiambia ninunue waya mwingine. Halafu kila umeme ukikatika, saa ya kompyuta hiyo inarudi mwaka 2002. Je, inawezekana zote mbili zitumie modemu moja, au hela yangu imekwenda bure?"

Shikamoo Mwalimu. Inawezekana kabisa, na hela yako haijapotea. Waya mwingine usinunue. Umeniandikia dalili zote zinazohitajika, na ukizisoma kwa utulivu zinasema jambo moja: kompyuta zako zimeshakutana, ila hakuna kati yake iliyoambiwa kwamba yeye ndiye lango, yaani kompyuta inayompitishia mwenzake intaneti.

Nianze na hizo taa, kwa sababu zinamaliza habari ya waya. Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani. Kwa kadi za mtandao za zamani (kadi ni kile kifaa ndani ya kompyuta chenye tundu la waya huo), kompyuta hutuma kwa uzi wa 1 na wa 2, na hupokea kwa uzi wa 3 na wa 6. Ukiichomeka kwenye ruta au swichi, kifaa hicho kimetengenezwa kikiwa kinyume chake, kinapokea pale kompyuta inapotuma, kwa hiyo waya wa kawaida ulionyooka unatosha. Lakini kompyuta kwa kompyuta zote mbili hutuma kwenye nyuzi zilezile, hazisikilizani. Ndipo mafundi wanapotumia waya wa krosova, ambao 1 na 2 za kichwa kimoja zinaangukia 3 na 6 za kichwa cha pili. Shika vichwa viwili sambamba, klipu zikiwa upande wa chini: kwenye krosova kimoja kitaanza na uzi mweupe wenye mstari wa chungwa, kingine mweupe wenye mstari wa kijani. Vichwa vikifanana, huo ni waya wa kawaida. Kadi za gigabiti zinajigeuza zenyewe, na inatosha moja tu kati ya kompyuta zako iwe na kadi ya namna hiyo ili waya wowote ufae.

Sasa, kama waya usingefaa au ungekuwa umekatika ndani, taa zisingewaka. Zimewaka pande zote mbili, maana yake kadi mbili zimeshakubaliana. Urefu nao si kikwazo ndani ya nyumba, kwani waya huu unaruhusiwa hadi mita 100. Wala usihofu kwamba kadi za zamani zitapunguza kasi. Kadi ya kawaida ya enzi za XP inapitisha megabiti 100 kwa sekunde, wakati modemu nyingi za 3G zilizouzwa kwetu ziliandikwa megabiti 7.2, na hizo zenyewe huzipati zote. Hata kadi ya megabiti 10 ingetosha.

Dalili ya pili ni hiyo anwani ya 169.254, na hapa ndipo jibu lilipo. Kompyuta ikiwaka, huuliza kwenye waya: kuna anayegawa anwani? Ikikosa wa kuijibu, Windows hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, kisha huandika ule ujumbe uliouona. Kwa hiyo XP yako imeuliza, imenyamaziwa, ikajipa anwani. Hilo linanionyesha pia kwamba kijana wako hakuandika anwani yoyote kwa mkono kwenye XP, na ni vizuri, maana hatuna cha kufuta.

Anayepaswa kujibu ni kompyuta ya sebuleni, yenye modemu. Kazi yake ni mbili: kugawa anwani ndani ya nyumba, na kupitisha maombi ya mwenzake kwenda nje. Hii ya pili utaielewa haraka kwa kukumbuka shuleni. Shule nzima ina S.L.P. moja, barua za walimu na wanafunzi wote zinatoka na kuingia kwa namba hiyo, na karani ofisini ndiye anayejua ipi ni ya nani. Kampuni ya simu inaipa modemu yako anwani moja tu. Kompyuta ya lango huchukua ombi la XP, hulituma kwa anwani yake yenyewe, huweka kumbukumbu kwamba hili liliombwa na nani, na jibu likirudi humkabidhi mwenyewe. Ndani ya nyumba zinatumika anwani za faragha ambazo zilitengwa rasmi mwaka 1996: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Anwani hizo hazisafiri kwenye intaneti ya wazi, ndiyo maana nyumba ya Muheza na nyumba ya Muscat zinaweza kutumia namba ileile siku ileile bila kugongana.

Windows imekuwa na uwezo huu wa kushiriki muunganisho tangu Windows 98 toleo la pili, mwaka 1999. Huhitaji programu ya kununua, wala ile ya kupakua mahali usipopajua. Unauwasha tu.

Keti kwenye kompyuta ya sebuleni. Chomeka modemu, unganisha intaneti kama kawaida, fungua tovuti moja kuhakikisha inapita. Kisha ingia Control Panel, halafu Network and Sharing Center, na upande wa kushoto bofya Change adapter settings. Utaona alama za miunganisho. Iitwayo Local Area Connection kwa kawaida ndiyo kadi ya ule waya. Nyingine ni ya modemu. Ukitaka uhakika, chomoa waya kidogo uangalie ipi inapata alama nyekundu ya X, kisha urudishe.

Bofya muunganisho wa modemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, fungua ukurasa wa Sharing. Hapa watu wengi hupotea: wanafungua muunganisho wa waya badala ya ule wa modemu. Kumbuka unashirikisha kinacholeta intaneti, si kinachoipeleka chumbani. Weka tiki kwenye sentensi ya kwanza, ile inayoanza na Allow other network users to connect. Kompyuta ikikuuliza muunganisho wa nyumbani ni upi, chagua ule wa waya. Bonyeza OK. Windows itakutahadharisha kwamba kadi ya waya itapewa anwani 192.168.137.1, kubali. Maelezo mengi utakayoyakuta yanasema 192.168.0.1. Hayo yaliandikwa kwa ajili ya Windows 98 na XP zikiwa lango. Kwa Windows 7 ni 137, usiibadilishe ili ifanane na maelezo ya zamani.

Nenda sasa chumbani. Kwenye XP, ingia Control Panel, Network Connections, bofya muunganisho wa waya kwa kitufe cha kulia, chagua Repair. XP itauliza tena ile anwani, na safari hii itajibiwa. Kuhakikisha, bonyeza Start, Run, andika cmd, na kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 192.168.137, na Default Gateway ikiwa 192.168.137.1, lango limefunguka.

Ukiwa kwenye dirisha hilohilo, andika ping 8.8.8.8. Ping ni kubisha hodi kwenye anwani uone kama itaitika, na 8.8.8.8 ni anwani ya Google. Majibu yakirudi, intaneti inafika chumbani. Kisha andika ping na jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu lakini jina likashindwa, tatizo ni utafutaji wa majina tu: fungua Properties za muunganisho wa waya kwenye XP, ingia Internet Protocol, acha anwani ijichukulie yenyewe, lakini kwenye sehemu ya DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, andika 8.8.8.8. Nisingekushauri uanze kwa kuipigia ping 192.168.137.1 yenyewe, kwa sababu ukuta wa ulinzi wa Windows 7 mara nyingi hunyamazia swali hilo hata mambo yakiwa sawa, ukajikuta unahangaikia ugonjwa usiokuwepo.

Yapo mawili yanayoweza kukusumbua kwenye lango. La kwanza ni ukurasa wa Sharing kutoonekana kabisa. Hutokea Windows inapoona muunganisho mmoja tu, kwa maana kwamba programu ya modemu inaunganisha kwa njia yake bila kuonyesha muunganisho unaoweza kushirikishwa. Dawa ni kuacha programu hiyo na kutengeneza muunganisho wa kupiga simu wewe mwenyewe: Network and Sharing Center, Set up a new connection, kisha dial-up, namba ya kupiga ni *99# na APN, yaani jina la njia ya intaneti ya kampuni ya simu, ni ile ya mtandao wa laini yako, unaiandika kwenye mipangilio ya modemu. Baada ya hapo unashirikisha muunganisho huo mpya. Kuna modemu za aina nyingine ambazo hazipigi simu kabisa. Ukizichomeka hujitambulisha kama kadi ya mtandao na unazisimamia kwa kivinjari, zile za Huawei kwa anwani 192.168.8.1. Hizo ndizo rahisi kuliko zote, zinaonekana kama Local Area Connection ya pili na kushirikisha kwake hakuna mzozo.

La pili ni programu za kupambana na virusi zenye ukuta wao wenyewe. Baadhi huzuia ugawaji wa anwani bila kusema neno. Ikiwa umefuata kila hatua na XP bado inaonyesha 169.254, zima ukuta huo kwa dakika chache, fanya Repair, uone. Ikikubali, ingia kwenye mipangilio yake uutaje mtandao wa nyumbani kuwa wa kuaminika, kisha uuwashe tena. Usiuache umezimwa.

Mpangilio wa kuwasha nao una maana: lango kwanza, modemu iunganike, ndipo ya chumbani. Wajukuu wakiwasha yao mapema, watapata 169.254 tena, na Repair moja itawatoa hapo.

Sasa saa inayorudi 2002. Usiidharau, maana nyumbani kwako hiyo ndiyo itakayowafanya wajukuu waamini kuwa intaneti haifanyi kazi hata baada ya kuunganishwa vizuri. Tovuti karibu zote leo zinatumia njia iliyofungwa, ile ya https, na kila moja ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni 2002 inaona vyeti vyote havijaanza kutumika, inakataa kufungua, na inatoa onyo la kutisha la usalama. Watu hubadilisha waya, hubadilisha laini, hununua modemu mpya, kumbe ni betri. Ndani ya kompyuta, kwenye ubao mkuu, kuna betri ya duara kama sarafu iitwayo CR2032, ya volti 3. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Inauzwa kwa mafundi saa na maduka ya vifaa vya umeme. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kisanduku, gusa chuma cha kisanduku ili umeme tuli ukutoke mkononi, sukuma klipu pembeni, betri itaruka. Weka mpya, upande ulioandikwa + ukitazama juu. Ukiwasha, rekebisha tarehe mara moja, itakaa.

Tukifika hapo intaneti itakuwa chumbani. Swali lililobaki hukuniuliza, lakini siwezi kulinyamazia: je, XP ipewe intaneti? Msimamo wangu ni hapana, isiachiwe ivinjari hovyo. Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Kivinjari cha mwisho cha Chrome kwa XP ni toleo la 49, na cha Firefox ni 52 ESR (ESR ni toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu), ambacho nacho kilifikia mwisho mwaka 2018. Utakuta tovuti nyingi zinafunguka nusu, au hazifunguki, na kosa si la muunganisho wako. Lango linaisaidia kiasi, kwa kuwa aliye nje hawezi kuigongea XP moja kwa moja. Lakini halizuii kile ambacho mjukuu anakifungua kwa mkono wake, wala kinachoingia na flashi ya rafiki yake.

Ushauri wangu ni kuweka Linux nyepesi, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye kompyuta ya chumbani. Ipo iitwayo antiX, imetengenezwa hasa kwa mashine za namna hii, ina toleo la biti 32, na RAM ya GB 1 inaiendesha. Fundi yeyote anayejua kazi ataiandika kwenye flashi na unaweza kuijaribu kutoka humo humo kabla ya kufuta XP. Kama BIOS yako, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, haikubali kuwaka kwa flashi, itaandikwa kwenye DVD. Kivinjari kitakuwa kipya zaidi kuliko cha XP, tarajia tu ukurasa mmoja mmoja badala ya kufungua kumi kwa pamoja. Ukiweza kuongeza RAM ifike GB 2, utaona tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote utakachonunua. Waya na lango havibadiliki, antiX itaomba anwani vilevile na Windows 7 itaipa.

Windows 7 yako nayo ni mzee. Viraka vyake vya kawaida viliisha tarehe 14 Januari 2020, Chrome ya mwisho ni 109, Firefox ya mwisho ni 115 ESR. Tumia Firefox hiyo. Shughuli za benki na malipo zifanye kwenye simu, usizifanye kwenye mojawapo ya kompyuta hizi. Na kwa kuwa unachotaka ni kushirikisha intaneti tu, zima ushirikishaji wa faili na printa kwenye mashine zote mbili. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kurukia toka Windows hadi Windows kupitia mlango huohuo wa faili. Kompyuta moja ikiambukizwa, jirani yake kwenye waya hakuwa na haja ya kubofya chochote.

Kuhusu bando: kila wanachofungua wajukuu kinapita kwenye modemu yako, kwa hiyo hesabu utakayoiona sebuleni ni ya nyumba nzima. Ukishaona matumizi ya wiki ya kwanza utajua bando gani inafaa.

Na kuna suala la umeme, ambalo kwangu ndilo pekee linaloweza kunifanya niseme baadaye utafute ruta. Lango la kompyuta linadai kompyuta ya sebuleni iwake muda wote wajukuu wanaposoma, hata kama wewe umelala. Kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia wati 100 ikiwaka kwa muda wa saa kumi imekula uniti moja ya LUKU, na monita ya kichogo ikiwa imewashwa inaongeza yake. Ruta ndogo inayopokea laini, yenye adapta ya volti 12 na ampea 1, haiwezi kuzidi wati 12. Kwa uniti hiyohiyo moja inakaa zaidi ya saa themanini. Ukiinunua, chagua yenye matundu ya waya yasiyopungua mawili, kwa sababu kompyuta zako huenda hazina Wi-Fi, na hizo ndogo za mfukoni zisizo na tundu la waya hazitakufaa. Kila kompyuta utaichomeka kwa waya wa kawaida, na utatoa ule tiki wa Sharing kwenye Windows 7, maana ruta itakuwa ndiyo lango. Lakini hilo ni la siku hela ikipatikana. Kwa leo ulichonacho kinatosha, ongeza betri tu.

Ikiwa baada ya Repair bado unaona 169.254, nitumie picha ya dirisha la Change adapter settings likiwa na modemu imeunganishwa, pamoja na namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni mwa modemu. Namba ya laini na IMEI (namba ya utambulisho wa modemu) zifunike kwa kidole unapopiga picha.